Phelesia na Jembe la Kwanza

Watu wa Rangwe wakimtaja dada yangu Phelesia husema, "yule wa kupanda kwa uongo." Wanasema hivyo mpaka leo, na baadhi yao hawakuwa hata wamezaliwa mambo hayo yalipotokea. Mimi ni Filister, mdogo wake niliyemfuata ziwa. Niliolewa Homa Bay, na samaki wangu nimewauza soko la Rangwe tangu ningali msichana, kwa hiyo maneno hayo yamenikuta mara nyingi nimeinama juu ya kapu. Nimeyajibu kwa namna ambayo mchungaji wangu asingependa kuisikia. Hapa nitajaribu kusimulia kwa adabu, ingawa siahidi.

Phelesia aliolewa na Nicanor mwaka 1956. Nicanor alikuwa mwanamume wa kutazamwa, msinione vibaya kwa kusema hivyo juu ya shemeji yangu. Alikuwa na mabega mapana, sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mto, na ndevu nyingi ambazo kila Ijumaa kabla jua halijazama alizikata kwa mkasi ili aingie Sabato akiwa nadhifu. Baba na mama yake walikuwa wamekwisha kufa. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa, na boma lote lilimtegemea: yeye na Phelesia nyumba ya juu, ndugu yake Elijah na mkewe Pauline nyumba ya chini. Mwaka uliofuata Phelesia alimzaa Roselyn. Nicanor alikuwa akifanya kazi katika mgodi mmoja upande wa Migori, na kila akija likizo alileta sukari, leso mpya na kicheko. Kama maisha yangeishia hapo, nisingekuwa na la kusimulia.

Mwaka wa 1959 mwamba ulianguka shimoni ukamponda nyonga. Hakufa. Alilazwa muda mrefu, na maumivu yake hayakuwa ya mchezo, hilo sitalikana hata nikiwa na hasira namna gani. Nilikwenda na Phelesia kumwona, tukamsikia akilia tukiwa bado nje. Dresa mmoja wa hapo, mfunga vidonda aitwaye Ombui, alikuwa akimchoma sindano ya mofini, na kilio kilikatika kabla hata hajaitoa sindano. Wakati ule nilimwona Ombui kama malaika.

Lakini Nicanor aliachishwa kazi akarudi Rangwe na fimbo, na maumivu yakarudi pamoja naye. Ombui naye aliacha kazi ya mgodini akapanga chumba nyuma ya maduka mjini Migori, akawa anauza sindano kwa yeyote mwenye kidonda na mwenye cha kulipa. Nicanor akawa mteja wake. Alipanda basi akiwa amejikunja kama kamba, akarudi amenyooka, anatabasamu, na vichupa amevifunga ndani ya kitambaa. Vikiisha alitetemeka, akatokwa na jasho, akamtukana kila mtu, halafu akapanda basi tena. Kijijini walisema ana bahati, amepata dawa ya kweli.

Kilichofuata hakikuonekana upesi. Ndevu zilianza kupungua, kisha zikabaki nyuzi chache, kisha kidevu kikawa kama cha mtoto. Mabega yakashuka. Akawa mtu wa kusinzia mchana, hataki mkutano, hataki hata kugombana. Na kitandani hakukuwa na kitu. Phelesia aliniambia siku moja tukipaa magamba ya samaki wa ngege ufukweni Homa Bay. Hakuinua uso.

"Filister, mume wangu amekuwa kama ndugu yangu."

"Ni kile kiuno. Kitapona."

"Kiuno kilipovunjika bado alikuwa mume. Ni baadaye. Sijui ni nini."

Angekuwa mwanamke wa kabila lingine, pengine jambo hilo lingebaki la chumbani. Kwetu Wajaluo halikuweza kubaki chumbani, na hapa lazima nieleze. Kwetu mbegu haitoki ndani ya nyumba hivihivi. Mvua za Machi zikishika, mwenye boma na mkewe mkubwa hulala usiku huo kama mume na mke, na alfajiri mke hutoka na jembe na mbegu akapiga jembe la kwanza shambani. Tunaita golo kodhi, yaani kuitoa mbegu. Usiku unaofuata ni zamu ya ndugu mdogo na mkewe, nao wapande. Hakuna wa kuruka zamu. Anayeruka, au anayedanganya, huleta chira, na chira haimwandami mkosaji peke yake. Huingia bomani ikawakondesha watoto wa kila nyumba mpaka wafe. Sisi ni Wasabato, tumebatizwa ziwani, na mchungaji alihubiri kuzipinga hizo desturi mpaka sauti ikamkauka. Lakini mwezi wa tatu ulipofika, mke wa mchungaji alingoja mama mkwe wake apande kwanza.

Basi mvua za mwaka 1960 zilishika. Elijah alikuja mpaka kwenye ua wa nyumba ya juu, akakohoa, akasema, "Kaka, ardhi imelowa." Alisema hivyo tu, akaenda zake, kwa sababu hayo mengine hayasemwi. Phelesia na Nicanor waliingia kulala. Kulipoanza kupambazuka Nicanor alikuwa ameugeukia ukuta.

"Chukua jembe utoke," alimwambia.

"Nitokaje, na hakuna kilichofanyika?"

"Toka tu. Humu ndani tulikuwa wangapi? Nani atasema?"

Phelesia alitoka. Aliniambia jembe lilikuwa zito mkononi kana kwamba limebeba mtu. Alipolipiga chini akasikia Pauline akipiga kigelegele kule nyumba ya chini, amefurahi kwamba zamu yao imefika. Pauline alikuwa mjamzito.

Nilimuuliza kwa nini alikubali, na alinitazama kama niliyeuliza ujinga. Kama angekataa, boma zima lingejua Nicanor si mwanamume. Wangemcheka sokoni, watoto wangemcheka njiani, na wazee wangekutana kuamua nani katika ukoo amsaidie Nicanor kazi yake ya usiku. Phelesia hakutaka mumewe avuliwe nguo mbele za watu. Alimpenda. Ninaandika neno hilo na mkono wangu hautaki, lakini ni kweli, alimpenda yule mtu. Na kwa kuwa alimpenda, kila Machi alitoka na jembe na uongo wake, na boma likala.

Mwaka wa mvua kubwa, zile zilizobomoa madaraja, mtoto wa Pauline alikufa kwa surua. Baada ya miaka miwili akafa wa pili, msichana aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kusema maneno. Huyo wa pili alifia mikononi mwa Phelesia, kwa sababu Pauline alikuwa amechoka kukesha na alikuwa amemwomba amshike kidogo.

"Ni mimi," dada yangu aliniambia baada ya mazishi.

"Ni surua. Imeua watoto mpaka kwa mchungaji. Imeua Migori, imeua mpaka kisiwani Mfangano. Umepanda Mfangano wewe?"

"Ni mimi, Filister. Nilitoka na jembe."

Nilimwambia yote ambayo mtu anaweza kumwambia dada yake. Alikubali kwa kichwa tu. Toka siku ile hakumbeba tena mtoto wa mtu.

Mwaka wa 1965 nilikuwa nikipeleka samaki jikoni kwa daktari mmoja pale Homa Bay, Mhindi mzee, mkali, aliyesema Kiswahili chake mwenyewe bila kuomba radhi kwa mtu. Nilimngoja siku moja mpaka akatoka, nikamweleza habari za shemeji yangu bila kuficha. Alisema, "Lete yeye." Kumleta Nicanor kulikuwa kazi, mimi na Phelesia tulimdanganya kwamba daktari ana sindano nzuri kuliko za Ombui.

Tuliingia sote watatu. Daktari alimvua shati, akamshika kidevu, akamtazama kifua kilichokuwa kimeanza kujaa kama cha msichana, akamuuliza maswali ambayo sikuwahi kumsikia mtu akimuuliza mwanamume mbele ya wanawake.

"Sindano ya maumivu unachoma tangu lini?"

"Tangu mgodini."

"Ndevu ilikwenda wapi?"

Nicanor alijipapasa kidevu.

"Nani amekuroga?"

"Watu wanasema mwanamke huyu," Nicanor akajibu, na ndipo nikajua kwamba alikuwa ameruhusu hata hilo lisemwe.

"Hapana. Ombui amekuroga," daktari akasema. "Hii mofini inatuliza maumivu, lakini inalaza kichwa pia. Kichwa ndiyo inatuma habari chini, habari ya kutengeneza nguvu ya mwanaume. Wewe kichwa yako imelala miaka. Habari haifiki. Basi chini nayo imelala."

Alitaka mofini iachwe kabisa, lakini alipoona nyonga ile ilivyoungana vibaya alikubali ipunguzwe polepole. Akaleta kichupa kingine, dawa ya mafuta mazito, akaeleza kwamba ni ile nguvu yenyewe, imetengenezwa na watu, na kwamba itachomwa matakoni kila baada ya majuma kadhaa. Kisha akamgeukia Phelesia.

"Sikia vizuri, mama. Hii itarudisha nguvu. Mtoto haitaleta. Pengine hata ile mbegu kidogo iliyobaki itapungua. Ukikosa mimba, si wewe. Umesikia? Bwana, na wewe umesikia?"

"Nimesikia," Nicanor alisema, akitazama dirishani.

Dawa ilifanya kazi, tena sana. Kabla ya mwaka kwisha ndevu zilikuwa zimerudi, mabega yalijaza shati, na mkasi wa Ijumaa ukatafutwa. Phelesia alikuja kwangu Homa Bay amevaa leso mpya, akicheka huku amejiziba mdomo kwa kiganja kama bibi harusi, na alipoondoka nilikaa jikoni nikalia kwa furaha. Nawaambia ili mjue kwamba tulipewa kuonja. Ingekuwa afadhali tusionje.

Mvua za 1966 ziliposhika, jioni ile Nicanor aliteremka nyumba ya chini kula na Elijah. Haya niliambiwa na Pauline mwenyewe, na Pauline haongezi chumvi. Nicanor alikula akashiba, akajipiga kifua, akasema, "Mwaka huu, Elijah, mbegu inatoka nyumbani kwangu kwa haki."

Elijah alicheka. Pauline, aliyekuwa ameinama kuondoa sahani, hakucheka.

"Na miaka mingine ilitoka kwa njia gani, shemeji?"

"Ilitoka tu," Nicanor akasema, akijaribu kurudisha kicheko.

Pauline aliweka sahani chini. Alikuwa na makaburi mawili nyuma ya nyumba yake, na mwanamke mwenye makaburi mawili hahitaji kuelezwa mara mbili. Mwanamume aliyefichiwa aibu yake miaka yote ile kwa uongo wa mkewe alikuwa amekwenda kuitoa mwenyewe, kwa majivuno, kwa sababu ya tumbo kujaa. Mpaka leo nikikumbuka natamani ningekuwa pale nimzibe mdomo kwa tonge.

Ukoo ulikutana. Walimuuliza Nicanor mbele ya wote: miaka ile, mbegu ilitokaje?

"Mimi nilikuwa mgonjwa," alisema. Alisimama wima, na sauti yake ile nzuri ilisikika mpaka barabarani. "Nilikuwa nimelewa dawa, sijui mchana wala usiku. Mwanamke ndiye aliyekuwa akitoka na jembe."

"Aliniambia nitoke," Phelesia alisema.

"Sikumbuki."

Alisema neno hilo moja tu. Phelesia alimtazama, akangoja aongeze, na alipoona haongezi akateremsha macho. Laiti angepiga kelele, pengine mtu angemsikiliza. Lakini alikuwa na miaka mingi akiamini kwamba aliua watoto wale, na mtu anayejiona mkosaji hajui kujitetea. Mimi nilipiga kelele kwa niaba yake nikaambiwa nirudi kwa samaki wangu.

Walimfukuza wiki ile ile. Roselyn alibaki, kwa kuwa ng'ombe wa mahari walikuwa wametolewa na mtoto ni wa boma. Alikuwa na miaka tisa. Pauline alisema atamlea, na alimlea kweli, na sina neno baya juu ya hilo ila kwamba lilimuuma dada yangu kuliko kama angeteswa.

Phelesia aliishi kwangu. Alianika omena, wale dagaa wa ziwani, alipasua samaki, alichota maji. Watoto wangu wakimkimbilia alirudi nyuma na mikono ameificha ndani ya leso, mpaka wakazoea kutomkimbilia. Nicanor alipoona kwetu hakuna aliyekwenda kumdai neno, alioa msichana, Rael, mwenye afya na meno meupe, na jirani wakamsifu kwamba sasa amefunguka. Msimu wa 1967 wazee waliruhusu Rael atoe mbegu, maadamu mke mkubwa hayupo. Mahindi yakaungua na jua kabla ya kubeba. Mtoto hakuja. Wakasema chira ya Phelesia bado imo bomani, na Nicanor, aliyekuwa amemsikia daktari kwa masikio yake mawili, aliwaacha waseme.

Katikati ya mwaka ule yule mzee Mhindi alistaafu akaondoka. Aliyekuja mahali pake alisema hana dawa hiyo ya mafuta, na kwamba ana wagonjwa wanaokufa, hana nafasi ya wanaume wanaotaka ndevu. Nicanor alikwenda Migori. Ombui hakuwa amefunga hata siku moja. Baada ya muda Rael alirudi kwao bila kumwambia mtu sababu. Nadhani aliona aibu kuisema.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa mpaka Machi ya 1968, Nicanor na Elijah walipotokea mlangoni kwangu asubuhi. Niliwapa viti kwa sababu nimelelewa. Elijah ndiye aliyesema.

"Shemeji Phelesia, tumekuja kwa unyenyekevu. Dawa ya kusafisha boma imechemshwa, wazee wamekubali. Mvua imeshika. Wewe ndiye mke mkubwa, bila mkono wako hatuwezi kupanda. Roselyn anakungoja."

Hakusema wamekosa. Sikilizeni vizuri, kama mimi nilivyosikiliza: hakusema wamekosa. Walikuwa wamekuja kuchukua mkono unaoshika jembe.

Nicanor alikuwa ameketi na kofia magotini. Kidevu chake kilikuwa laini, na shati lilimning'inia. Niliona, na Phelesia aliona. Elijah hakuona kitu, kwa sababu ndugu hawatazamani usoni.

"Baba Roselyn," dada yangu akasema polepole, "usiku wa mbegu, utaweza?"

Elijah aliinamisha kichwa kwa aibu. Mwanamke haulizi hivyo mbele ya shemeji yake.

"Nitaweza," Nicanor alisema.

"Shemeji amesikia?"

"Nimesema nitaweza."

Phelesia aliinuka akaenda kufunga mzigo. Nilimfuata nyuma ya nyumba nimefura.

"Unajua anadanganya."

"Najua."

"Na unakwenda? Ukatoke na jembe tena, akifa mwingine uje uniambie ni wewe?"

"Nakwenda kumwona mwanangu," alisema. "Nishikie hapa nikaze fundo."

Nilikwenda naye. Nilimwambia mume wangu nitarudi nikirudi. Tulipofika Roselyn alikuwa uani akitwanga mtama, amerefuka, miguu mirefu kama ya mama yake. Hakukimbia. Alimtazama Pauline kwanza, Pauline akampa ishara, ndipo akaja kumpa mama yake mkono, kama anavyopewa mgeni wa kanisani. Phelesia aliupokea ule mkono, akauliza habari za shule.

Usiku wa mbegu mimi nililala jikoni. Alfajiri nilitoka nikamkuta Phelesia ameketi kizingitini, mikono mapajani. Jembe lilikuwa ndani, limeegemezwa ukutani. Elijah na Pauline walikuwa wamesimama penye ua wa nyumba yao wakitazama nyumba ya juu, wanangoja wamwone akitoka. Jua likapanda. Sauti ya Nicanor ikatoka ndani, ya chini sana.

"Mama Roselyn, toka basi."

"Sijapewa cha kutoka nacho," alijibu.

"Kama zamani tu. Nakuomba."

Hakujibu tena. Jirani walipita na majembe begani wakamuuliza Elijah, "Bado?" Elijah akasema, "Bado."

Kesho yake ikawa vivyo hivyo, na siku iliyofuata. Mvua ilinyesha vizuri mwaka ule, mvua ya mchana, ya kuingia ardhini. Mashamba ya jirani yakaanza kuonyesha mistari ya kijani, na shamba la boma lile lililokuwa limelimwa vizuri likaota magugu upya. Elijah alikuja mpaka mlangoni.

"Shemeji, kuna nini? Tutakula nini mwaka huu?"

"Mimi niko tayari, shemeji. Namngoja mume wangu."

Hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila aliyekuja, bila kupandisha sauti na bila kuongeza neno. Hakumshitaki mtu. Walisema ana kiburi. Walisema amekuja kulipiza kisasi, kwamba anataka boma life njaa. Pauline alipita mbele yake na mtungi asimwamkie. Asubuhi moja Roselyn alisimama mbele yake, akasema, "Mama, toka tu. Wote wanatuchukia." Nilimwona Phelesia akishika kizingiti kwa mikono miwili ili asiinuke. Hilo ndilo lililokaribia kumshinda.

Ndipo Nicanor akatoka. Nadhani alimsikia mtoto. Alitoka na fimbo, bila kofia, asubuhi ile ile, na watu wa njiani waliokuwa wakienda mashambani wakasimama kutazama. Kidevu chake kilikuwa wazi juani. Alimwita Elijah, na Elijah akaja na Pauline nyuma yake.

"Panda," Nicanor akasema.

"Nitapandaje kabla yako?"

"Panda, Elijah. Mimi siwezi. Sikuweza tangu mgodini, miaka yote ile sikuweza, ila ule wakati wa sindano za Mhindi. Huyu hakutaka kutoka. Mimi ndiye niliyemwambia atoke. Nilikumbuka. Siku ile niliposema sikumbuki, nilikumbuka."

Kwa desturi, mkubwa akitamka mwenyewe kwamba ameshindwa, mdogo amefunguliwa njia. Maneno yale yalimfungua Elijah, na yalimsafisha dada yangu mbele ya boma, mbele ya jirani, mbele ya mwanawe. Alikuwa ameyangoja tangu siku ile ya ukoo. Nilimtazama Pauline. Nilisema moyoni, sasa atakwenda kumshika dada yangu mkono.

Elijah aliinua uso akatazama mawingu yaliyokuwa yakijikusanya upande wa ziwa. Magugu yale yangepinduliwa leo ndipo mbegu ziingie kesho, na msimu ulikuwa unakwisha.

"Pauline, leta majembe," akasema. "Mimi nakwenda kuazima ng'ombe kabla hawajachukuliwa."

Akaondoka nusu akikimbia. Pauline alikwenda kuchukua majembe, akapita karibu kabisa na Phelesia, akapunguza mwendo kidogo, kisha akamwita Roselyn aje amsaidie kubeba. Roselyn akamfuata. Watu wa njiani nao wakakumbuka mashamba yao. Kwa muda mfupi uani tulibaki watatu, na kutoka shambani nikaanza kusikia majembe yakigonga mawe.

Nicanor alikuwa ameanza kutetemeka. Saa ya sindano yake ilikuwa imepita. Mimi ningemwacha pale pale aanguke, namwambia Mungu kweli. Phelesia aliinuka kizingitini, akamshika mkono, akamwingiza ndani, akatoka tena na sufuria kuteka maji ya kumwogesha.